Ukinyimwa viza uliza hesabu, usimuulize broka

Mama mmoja wa Bombo alikuja kwangu wiki mbili zilizopita. Mimi nina kiduka cha kuchapa na fotokopi hapa Old Kampala, wateja wangu nusu ni wanafunzi na nusu ni watu wa viza. Akafungua mkoba akatoa bahasha, ndani kuna barua ya kukataliwa viza ya Uingereza, alikuwa anataka kwenda kumuona binti yake aliyejifungua. "Mwanangu nisomee, hapa wanasema nini?" Nikasoma. Wanasema hawajaridhika kwamba yeye ni mgeni wa kweli atakayeondoka ziara ikiisha, kifungu V 4.2 cha kanuni zao za uhamiaji kimetajwa, halafu wanasema zile milioni nne zilizoingia benki kwa mpigo mmoja hazijaelezwa zimetoka wapi.

Nikamuuliza, mama, hizi milioni nne zimetoka wapi?

"Si broka alisema akaunti ikionekana nyembamba hawanipi. Alinikopesha siku tatu, akachapisha steitimenti, akazichukua."

Nikanyamaza kidogo. Nikauliza tena, sasa huyo broka ulimwaminije? Akasema alimwambia kwamba faili zikipita mkononi mwake, watu tisa kati ya kumi wanapata. Tisa kati ya kumi! Nimekaa na hiyo namba kichwani mpaka leo, maana ndo imenifanya niandike haya. Imetoka wapi? Nani aliihesabu, mwaka gani, viza ya aina gani, na wale waliokataliwa aliwahesabu au aliwasahau njiani? Hakuna anayemuuliza, kwa sababu Kampala viza tunaiongelea kama tunavyoongelea mvua, eti mwaka huu wanakataa sana, eti ubalozi fulani siku hizi umelegea, eti ukienda mwezi wa kumi na moja unapata. Kila mtu ana takwimu za mdomoni, amezipata kwa shemeji, shemeji amezipata kwenye teksi.

Wakati takwimu zenyewe zipo. Nyingine zimeshawekwa wazi na unazipakua bure na bando la buku, nyingine zimekaa kwenye sistimu za watu na sheria inakuruhusu kuziomba hata ukiwa umekaa Kisenyi na huna pasipoti. Watu wakisikia hivyo wanadhani namaanisha tuwabane mabalozi. Wabaneni mkitaka, lakini mimi naona mtu wa kwanza atakayeumia na hizo hesabu ni broka, biashara yake yote imesimama juu ya mteja asiyejua.

Tuanze na zilizo wazi. Marekani, wizara yao ya mambo ya nje kila mwaka inatoa jedwali la kiwango cha kukataliwa kwa viza za B, yaani za matembezi na biashara, nchi kwa nchi kufuata uraia, na Uganda imo. Umoja wa Ulaya unatoa faili la eksel la viza za Schengen, ile viza moja ya kuzunguka nchi nyingi za Ulaya, kila mwaka, humo kuna mstari wa kila ubalozi wao unaopokea maombi Kampala, maombi mangapi, zilizotoka ngapi, zilizokataliwa ngapi, na hata safu inayoonyesha ngapi ni za kuingia mara nyingi. Uingereza wanatoa kila robo ya mwaka, kwa uraia na kwa aina ya viza, na unaweza kurudi nyuma miaka na miaka.

Sasa hapa ndo watu wanateleza, hata waandishi wa habari wetu. Wanachukua asilimia ya Marekani, ya Ulaya, ya Uingereza wanazipanga kama ligi ya mpira, nani katukataa zaidi. Hazipangiki hivyo! Schengen wanahesabu kwa mahali ulipoombea, sio kwa uraia. Kwa hiyo mstari wa Kampala una Waganda, ndiyo, lakini una Wakongo pia, una Wasudani Kusini, una Mhindi wa Industrial Area mwenye pasipoti ya kwao, wote waliotoa alama za vidole hapa. Na Mganda aliyelazimika kupanda basi mpaka Nairobi kwa sababu nchi anayoitaka haipokei maombi Kampala, huyo anahesabiwa Kenya. Wamarekani nao mwaka wao unaanza tarehe 1 Oktoba unaishia 30 Septemba, na kile kiwango wanakirekebisha, mtu aliyekataliwa mwezi wa kwanza akarudi akapata mwezi wa sita, mwisho wa mwaka anahesabiwa kama aliyepata. Waingereza wanatenganisha waliokubaliwa, waliokataliwa, walioondoa maombi wenyewe, na maombi yaliyofutika bila uamuzi.

Mnaona shida? Mfano wa kichwani tu: watu 100 wameomba, 60 wamepata, 30 wamekataliwa, 10 bado au wamejitoa. Ukigawa 30 kwa 100 unapata asilimia 30. Ukigawa kwa wale 90 walioamuliwa unapata 33. Yote mawili ni kweli na ni ya watu walewale, ila mtu anayetaka kukutisha atachukua kubwa na anayetaka kukuuzia atachukua ndogo. Mimi mtu akiniletea asilimia ya viza swali langu la kwanza siku hizi ni moja, umegawa kwa nini?

Haya, tuje kwenye kuomba. Uingereza wana Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, ilianza kazi kikamilifu Januari 2005, na kitu ambacho watu wengi hapa hawajui ni kwamba haiulizi uraia. Mtu yeyote, popote duniani. Unatakiwa uandike, barua pepe inatosha, uweke jina lako halisi na anuani ya kujibiwa, na ueleze unataka nini. Sababu haiulizwi. Wana siku 20 za kazi kukujibu na hulipi kitu. Ukifikiria kwamba viza yenyewe ya kutembelea ilikuwa paundi 127 kuanzia Aprili 2025 na ukikataliwa hairudi, basi hii ndo huduma pekee ya bure utakayopata kwa Waingereza.

Ombi langu la kwanza kabisa lilikuwa la kijinga, nalisema wazi. Niliandika kurasa mbili, nimejaa hasira, nimemaliza na swali "kwa nini mnatukatalia Waganda?" Nikajibiwa kwa adabu kabisa kwamba sheria inatoa taarifa zilizoandikwa na kuhifadhiwa, haitoi maelezo ya kuundwa upya kwa ajili yangu. Nilikasirika siku nzima, nikamwambia mke wangu hawa watu wana dharau, halafu usiku nikatulia nikaona wako sawa. Sheria ya habari ni kama stoo. Unaweza kumuomba mtu wa stoo akutolee gunia lililopo, huwezi kumuomba akupikie ugali.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kujua gunia linaitwaje. Usiombe "takwimu za viza za Uganda", omba safu za jedwali. Siku hizi mtu akija dukani tunaandika kitu cha namna hii, kwa Kiingereza bila shaka, lakini maana yake ni hii: kwa raia wa Uganda, viza za kutembelea tu, mwezi kwa mwezi kuanzia Januari mpaka Desemba mwaka fulani, maombi yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na idadi ya maombi yaliyochukua zaidi ya siku 15 za kazi kuamuliwa, katika faili la eksel, na kama gharama itazidi kiwango basi mnijibu kwanza miezi mitatu ya mwisho. Mistari mitano. Hasira haimo. Hiyo sentensi ya mwisho ndo ya muhimu kuliko zote, nitawaambia kwa nini.

Kuna ukuta mmoja ambao kila mtu anagonga kichwa, ukuta wa gharama. Kwa wizara za serikali kuu Uingereza kiwango ni paundi 600, na saa moja ya kazi inahesabiwa paundi 25, maana yake ni saa 24 za mtu mmoja kutafuta na kuchambua. Ikizidi hapo wanaruhusiwa kukataa ombi lote. Sasa chukua swali ambalo kila mtu analitaka, sababu za kukataliwa: wangapi wamekataliwa kwa ajili ya steitimenti, wangapi kwa ajili ya kutokuwa na kazi. Kama sababu imeingizwa kwenye sistimu kwa kodi, namaanisha code, alama fupi ya kila sababu, sio kodi ya kulipa, basi ni kubonyeza na kutoa. Kama imeandikwa kwa maneno ndani ya barua, kama ile ya mama wa Bombo, mtu lazima afungue faili moja moja asome. Tuseme dakika 10 kwa faili, saa 24 zinakupa faili 144 tu, basi, umefika ukutani. Kwa hiyo mtu anayeomba sababu zote za miaka mitano ameshajibiwa kabla hajabonyeza kutuma. Afadhali kwanza uulize sababu zinahifadhiwa kwa kodi gani na wakupe orodha ya hizo kodi, jibu likija ndo unaomba hesabu ya kila kodi. Maombi mawili madogo yanafika mbali kuliko moja kubwa, na sheria yao inawapa wajibu wa kukushauri jinsi ya kupunguza ombi, utumie huo wajibu, waulize waziwazi.

Schengen hapa wako tofauti kidogo na napenda mpango wao. Barua yao ya kukataa ni fomu moja kwa nchi zote, ina visanduku, ofisa anaweka tiki, sijui hukuthibitisha sababu ya safari, sijui kuna mashaka utarudi. Mwombaji anaichukia kwa sababu haimwelezi kitu, haki yake, tiki moja baada ya kulipa euro 90 inauma. Lakini kwa mtu wa hesabu tiki ni dhahabu, tiki inahesabika. Lile faili la kila mwaka la Ulaya halina safu ya visanduku, ila nchi mojamoja zina sheria zao: Ujerumani wana ya tangu 2006 inayompa kila mtu haki ya kuomba, Uholanzi wana yao mpya tangu Mei 2022. Nani hapa Kampala ameshawahi kuwaandikia kuuliza kisanduku gani kinawekwa tiki zaidi kwa maombi ya Kampala? Mimi bado sijafanya. Ndo ombi langu linalofuata.

Kuna vitu hutapewa, tukubaliane mapema usijekusema nimekudanganya. Sheria ya Uingereza ina milango ya kufunga: mambo yanayoweza kuharibu udhibiti wa uhamiaji, mambo ya uhusiano na nchi nyingine, taarifa binafsi za watu. Ukiuliza wanatambuaje steitimenti ya kughushi, hawakuambii, na kusema kweli wakikuambia, wachapaji wa karatasi za kughushi wa Nasser Road hapa Kampala watasoma kabla yako. Ukiomba kitu kidogo sana, mfano viza za wanamuziki kutoka mji mmoja mwezi mmoja, namba ikiwa watu wawili watatu inaweza kufichwa kwa sababu hao watu watajulikana. Ukikataliwa unaomba mapitio ya ndani, ukikataliwa tena unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Habari wao, bado bure, bado kwa barua pepe.

Na tafadhali sana msichanganye hii na faili lako mwenyewe. Kila wiki napata mtu anayesema nataka kutumia hiyo sheria ya habari nione ofisa aliandika nini juu yangu. Hapana ssebo, hiyo ni njia nyingine, ni ombi la taarifa zako binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa data, wana mwezi mmoja kukujibu na kwa kawaida hulipi. Majibu ya uhuru wa habari yanahesabika kama yametolewa kwa dunia nzima, nani atataka faili lake litolewe kwa dunia nzima? Marekani ndo wamefunga zaidi, kumbukumbu za viza ya mtu ni siri kwa sheria yao ya uhamiaji, ukiomba yako mara nyingi unarudishiwa karatasi ulizopeleka wewe mwenyewe. Na kwa upande wa hesabu, Canada nao sheria yao ya uhuru wa habari ya 1983 inataka uwe raia wao, mkazi wa kudumu, au uwe umesimama ndani ya Canada, kwa hiyo unamtafuta ndugu aliyeko Toronto akuombee.

Sasa kuna jamaa yangu, mwalimu, aliniambia haya yote ni kupoteza muda, ubalozi unafanya unavyotaka na namba hazibadilishi kitu. Nikamkumbusha habari ya ile mashine ya rangi. Tangu mwaka 2015 Waingereza walikuwa na programu ya kompyuta inayopanga maombi ya viza kijani, njano, nyekundu, na uraia ulikuwa mojawapo ya vigezo. Nyekundu unachunguzwa sana, kijani unapita haraka. Shirika la JCWI, linalotetea wahamiaji huko Uingereza, pamoja na Foxglove, linalopigania haki kwenye mambo ya teknolojia, wakawapeleka mahakamani, na Agosti 2020 serikali ikaiondoa kabla kesi haijasikilizwa. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba mashine inajilisha yenyewe: nchi ikikataliwa sana inapewa nyekundu, ikipewa nyekundu inakataliwa zaidi, mwakani namba imepanda, nyekundu tena. Yaani namba zetu zilikuwa zinatumika juu yetu wakati sisi tunabishana kwenye teksi. Na mwaka 2019 vikundi vya wabunge wao wenyewe wa vyama vyote vilitoa ripoti kwamba mwombaji kutoka Afrika ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kukataliwa kuliko wa sehemu nyingine yoyote ya dunia. Hiyo haikutoka kwa shemeji wa mtu, waliipata kwa kukaa na majedwali.

Ila mwalimu ana hoja moja ambayo sikumpa siku ile kwa ubishi tu. Asilimia ya nchi sio asilimia yako. Humo ndani wamechanganywa mama mwenye duka la miaka ishirini na kijana aliyechapiwa barua ya kazi jana jioni, na kadiri mabroka wanavyopeleka faili chafu ndivyo asilimia ya wote inavyochafuka, kisha broka huyohuyo anakuja kukuonyesha asilimia mbaya anakuambia umeona, bila mimi hupati. Huo ndo utamu wa biashara yake, anakoroga maji halafu anauza ya chupa.

Nyumbani je? Hapa nina neno, maana tunapenda sana kunyoosha kidole nje. Katiba yetu ya 1995 ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa ofisa siku 21 kujibu, na akinyamaza inahesabika amekataa, unaenda kwa hakimu mkuu. Uganda nayo inatoa viza, tena kwa mtandao tangu 2016, kuna ya dola 50 ya kawaida na kuna ile ya Afrika Mashariki ya dola 100 tunayoshirikiana na Kenya na Rwanda. Wangapi wanaomba? Wangapi tunawakataa, kutoka nchi gani, kwa muda gani? Ni swali lilelile tunalowauliza Wazungu. Lakini soma sheria yetu vizuri, inasema raia. Mnigeria tuliyemkatalia viza ya kuja harusi Ntinda hana haki ya kuuliza hesabu zetu, wakati mimi wa Old Kampala nina haki ya kuwauliza Waingereza za kwao. Mimi hilo linaniaibisha kidogo, sijui wenzangu.

Na mahakamani hapa sio mteremko. Waandishi wawili wa habari waliomba mikataba ya mafuta, wakanyimwa, wakaenda kwa hakimu Nakawa, wakashindwa mwaka 2010. Mafuta ni mafuta, nakubali, hesabu ya viza sio siri ya mafuta, mtu akiikatalia atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Kwa vijana wa kyeyo ya Ghuba, yaani wanaokwenda kufanya vibarua nchi za Kiarabu, ambao ndo wengi zaidi kuliko wa London, hesabu zenu zaidi ziko hapahapa, kwenye wizara ya kazi inayotoa leseni kwa makampuni ya kupeleka watu. Kampuni ipi imepeleka wangapi, wangapi wamerudi kabla ya mkataba kuisha, malalamiko mangapi. Kabla hujauza ng'ombe wa mzee, siku 21 sio nyingi.

Turudi kwa mama. Tulikaa na jedwali la Waingereza kwenye kompyuta, nikamchujia, Uganda, viza ya kutembelea, miaka mitatu, nikamchapia karatasi moja. Akavaa miwani akapita na kidole mstari kwa mstari. "Sasa hii inasema mimi nitapata?" Nikamwambia mama haisemi hivyo, inasema watu kama wewe wangapi walipata, na wakati huo milioni nne za siku tatu sizioni humu. Akacheka, akacheka kweli. Kisha akauliza, "Na hiyo tisa kati ya kumi iko mstari gani?" Tukaitafuta wote wawili. Haikuwepo mwaka wowote.

Akanipa elfu moja ya kuchapa. Amefika mlangoni karudi, anataka kopi ya pili, ya dada yake, ameshamlipa broka nusu na anamalizia Ijumaa.